Aliyeleta Aonje Kwanza

Tangu nirudi Magarama sijaweza kunyoa ndevu kwa amani. Kinyozi ananiuliza, muuza mkaa ananiuliza, wanakwaya wananiuliza hata kabla "amina" haijapoa: "Amosi, huko Muyinga kulikuwaje? Ni kweli ulipiga magoti?" Kila mtu nimemsimulia kipande chake, na sasa vipande vinazunguka mtaani vimeshonwa vibaya. Juzi nimesikia kwamba nilimmwagia mkwe pombe kichwani. Haikuwa kichwani, wala hakuwa mkwe bado. Basi naandika safari nzima, ili anayetaka kunicheka acheke kwa usahihi.

Kwa msionijua vizuri: nina duka dogo hapa Magarama, mtaa wa Gitega, la sabuni, chumvi, betri na vitenge. Nilikimbilia Tanzania nikiwa mtoto, mimi na kaka yangu Zakaria, nikakulia kambini. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili, kusoma Biblia na kupatana bei, na huko ndiko nilikopata tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili, maana kambini ukihesabu mara moja unakuwa umehesabu cha mwenzako. Amani iliporudi nami nikarudi. Zakaria hakurudi, amelala kule kwenye makaburi ya kambi. Aliacha mtoto mmoja, Ezekieli, ambaye leo ni seremala mwenye mikono mizuri na mdomo mfupi.

Ezekieli alimpenda Yudita, binti aliyekutana naye kwenye mkutano wa kanisa. Kwao ni mkoa wa Muyinga, juu kidogo ya Kobero, mpakani na Tanzania. Baba wa kijana hayupo, kwa hiyo msemaji wa kwenda kumwombea mke ni mimi. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniuliza. Niliwaambia wazee wa ukoo: "Mimi nimepatana bei na madereva wa malori. Bibi mmoja wa kijijini atanishinda?"

Bibi huyo ni Bibi Raheli, aliyemlea Yudita, na ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile. Tulikuwa tumesikia kwamba kundi moja la waposaji, watu waliorudi kutoka Tanzania kama sisi, alilirudisha mikono mitupu. Na nyumba ile ikisema hapana haiulizwi mara ya pili. Tangu turudi Burundi, ukoo wetu ulikuwa umezika, umelima, umejenga, umegombana na kupatana. Harusi ilikuwa bado. Hiyo ndiyo iliyokuwa mabegani mwangu, nami nilidhani ni mabega yenye nguvu.

Magarama hadi Nyarusange: dada anakamua ndizi

Dereva wetu alikuwa Saidi, Mwislamu wa hapa mtaani, mnamjua, yule ambaye gari lake hupiga honi lenyewe likipita kwenye shimo. Tulianzia Nyarusange kumchukua dada yangu Leya. Yeye hakukimbia. Aliolewa Nyarusange, akakaa miaka yote ile mibaya, akalima.

Tulimkuta amepiga magoti kwenye mtumbwi wa mti, anakamua ndizi mbivu kwa majani mpaka mikono imekuwa ya dhahabu. Kanisa letu na la wakwe hayagusi pombe, kwa hiyo kinywaji cha kupeleka kilikuwa mutobe, yaani maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe. Alijaza madumu mawili ya njano. Nikayahesabu: mawili. Nikayahesabu tena.

Kabla ya kufunga, Leya alichota kikombe, akanywa funda moja, kisha akanipa kwa mikono miwili. Anasema Kirundi tupu. Naweka kwa Kiswahili.

"Aliyeleta aonje kwanza," alisema. "Na wewe, mdogo wangu, ukifika kwa wakwe, ufanye hivi hivi. Usimpe mtu kikombe ambacho hujaonja mbele ya macho yake."

"Dada, zawadi huonjwa na mwenye njaa. Kwetu kule mzigo unafika umefungwa kama ulivyotoka."

"Kwetu kule?" Aliniangalia. "Kwetu ni wapi, Amosi?"

Nilijifanya nakaza kizibo. Kisha nikamsomea mwanzo wa hotuba yangu, niliyoiandaa kwa wiki kadhaa, yenye methali za kutosha kujengea ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Sawa," alisema. "Wewe umesoma."

Nililipokea neno hilo kama sifa. Ezekieli, aliyekuwa ameketi juu ya gogo, alikohoa.

Nyarusange hadi Karuzi: dumu linaanza kuimba

Tulirudi kupitia Gitega, tukashika njia ya Karuzi. Milima ile mnaijua: gari linapanda likilia, linashuka likiomba. Kabla ya kufika Karuzi mjini klachi ikasema imefika mwisho wa huduma yake.

Saidi alishuka, akafungua boneti, akaangalia ndani kama mtu anayetazama kisima alimodondosha ufunguo. "Bon," alisema kwa Kifaransa chake cha barabarani. "Mzee, hapa tutakaa kidogo."

Kidogo hicho kilikuwa tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kulala, tukingoja kipuri kije kwa pikipiki kutoka Gitega. Mama mmoja alikuwa anachoma mahindi kando ya barabara. Nilimwendea nikiwa nimeshaukunja uso wa kupatana bei.

"Mama, hindi hili limeungua upande mmoja."

"Upande huo nimekupa bure, baba."

Nililipa bei aliyotaka. Ezekieli akakohoa tena.

Madumu yalikuwa nyuma ya gari, juani. Leya alikuja mara ya kwanza kuniambia tuyaweke kivulini. Nikamwambia kivulini kuna wapita njia. Akaja mara ya pili kuniambia tulegeze vizibo, mutobe upumue. Nikamwambia kizibo kikifunguliwa njiani wakwe watasema tumekunywa. Hakuja mara ya tatu.

Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi alisimama kupumzika, akayaangalia madumu yetu, akainamisha sikio.

"Hiyo inakwenda harusini," aliuliza, "au inakwenda polisi?"

"Ni mutobe, mzee. Ya wakwe."

"Haya. Mungu awatangulie, na awatangulie haraka."

Tulipoondoka, gari likaanza kutikisika, Saidi akazima redio. "Mzee, mi niko nasikia kitu kinaimba huko nyuma."

"Ni mutobe tu."

"Kama iko mutobe, basi iko mutobe ya kwaya. Onja, mzee. Mi siwezi onja, pengine imeshakuwa pombe, nitapata dhambi bure. We onja."

"Msemaji haonji mzigo wa wakwe," nilimjibu.

"Ah bon? Nani alisema?"

Nilitaka kumwambia nani alisema, nikakuta ni mimi. Nikatazama dirishani mpaka Muyinga.

Muyinga mjini: chai ya Mama Zuhura

Tulilala kwa Mama Zuhura, dada yake Saidi, mshonaji wa nguo, nyumba safi yenye cherehani mlangoni. Asubuhi alituwekea sambusa za moto na chai ya maziwa yenye tangawizi. Alimimina kikombe changu, akanywa funda dogo, ndipo akanisogezea.

"Mama," nilisema, "naona chai yangu ulikuwa na kiu nayo."

Leya alinikanyaga mguu chini ya meza. Mama Zuhura hakukasirika. Alicheka kidogo, kama mtu anayemcheka mtoto wa jirani ili asimwaibishe.

"Ndivyo mama alitulea, baba. Sisi hatunywi pombe, lakini hata maji, mwenye kutoa anatangulia. Nyie mulikulia Tanzania?"

"Tanzania, ndiyo."

"Iko inaonekana," alisema, akaniongezea sambusa.

Nilizichukua sambusa, neno nikaliacha mezani. Mtu anaweza kufundishwa jambo moja mara mbili katika safari moja, na dada yake, na Mwislamu mwenye cherehani, na bado akabeba hotuba yake kwapani akaenda nayo.

Kobero: nikiwa na tai

Kutoka Muyinga hadi Kobero njia ni nzuri, na mimi nilikuwa mzuri zaidi. Nilivaa koti, nikafunga tai, nikashika mwavuli mweusi. Mvua haikuwepo, mwavuli ulikuwa wa heshima.

Pale mpakani malori yamepangana mpaka huoni mwisho, wabadilisha pesa wanakuita kwa vidole, wabeba mizigo wanagombea mfuko ambao hujauweka chini. Nilisimama kidogo. Siku tuliyorudi nchini nilipita hapa hapa juu ya lori, kati ya magodoro na masufuria, nikiwa nimekumbatia kuku. Watoto wa Kobero walitupungia mikono wakiimba, nami nikalia mpaka kuku akashangaa. Leo nilikuwa nimesimama mahali pale pale na tai. Badala ya kumshukuru Mungu, nikamwambia Ezekieli, "Unaona mtu anavyoweza kupanda?"

"Naona, baba mdogo," alisema. "Lakini mimi nilidhani tulibebwa."

Lakini macho yangu yalikuwa yameshaona kitenge. Nilipatana bei yake kwa Kiswahili cha Tanzania safi, nikapewa kwa bei ambayo muuzaji alipoitaja alifumba macho. Hiyo ilikuwa zawadi ya Bibi Raheli. Nilikuwa juu sana wakati huo, ndugu zangu. Mngetaka kunisalimia mngehitaji ngazi.

Saidi alibaki na gari. Tukapata mbeba mizigo mwenye baiskeli, akafunga madumu kwa mpira, akayapapasa.

"Haya madumu yamevimba kama chura."

"Yameshiba," nilisema. Tukaanza kupanda mlima kwa miguu, yeye akisukuma, madumu yakiruka kila jiwe.

Mlimani: kiti, mwavuli na kikombe

Nyumba ya wakwe ilikuwa ya matofali, ua umefagiwa mpaka ardhi inang'aa. Walitupokea kwa nyimbo za kanisa. Ndani kulikuwa na viti vya kawaida ukutani, na katikati kiti kimoja kikubwa cha mikono, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikajua ni cha msemaji. Nikaketi.

Karibu na mlango, juu ya mkeka, alikuwa ameketi bibi mdogo wa mwili, peku, kilemba cheupe. Nilimdhania jirani aliyekuja kutazama wageni. Mwavuli ulikuwa unanisumbua magotini, nikamwambia, "Mama, tafadhali nishikie."

Akaupokea kwa mikono miwili, akauweka mapajani. Leya alifumba macho. Nilifikiri anaomba. Baadaye nilijua kwamba ndiyo, alikuwa anaomba.

Msemaji wao alikuwa Mzee Filipo, mjomba wa binti, shemasi, mtu mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Alitukaribisha, tukasali, akanipa nafasi. Nikasimama. Nilisema juu ya kambi, juu ya kurudi, juu ya duka, juu ya jinsi jina langu linavyojulikana kuanzia soko la Gitega. Nilipoketi nilingoja makofi.

"Asante, msemaji," alisema Mzee Filipo. "Habari zako tumezipata zote. Tulikuwa tunangoja za kijana."

Watu walicheka vizuri, bila ubaya. Nami nikacheka, kwa shida. Nikaona dawa ni kinywaji. Nikaita dumu.

Nilipogeuza kizibo, kikaniponyoka. Dumu lilitoa sauti kama tairi, povu likaruka juu likanipiga tai, likaendelea mpaka viatu vya Mzee Filipo. Hiyo ndiyo "pombe kichwani" mnayoisikia mtaani.

"Imetikiswa na safari," nilisema upesi. Walikubali, kweli mlima una mawe. Nikajaza kikombe mpaka ukingoni, nikampelekea Mzee Filipo. Hakukipokea. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Mpe kwanza mwenye nyumba. Bibi Raheli ndiye yule."

Yule wa mkekani. Mwenye mwavuli wangu mapajani. Na mimi nilikuwa nimeinuka kutoka kwenye kiti chake.

Nilimpa kikombe. Hakukipeleka mdomoni, alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Nani ameonja?" aliuliza.

Hapo ndipo ningeweza kuokoka kwa bei nafuu. Lakini kiburi hakiuzi kwa bei nafuu. Nilivuta tai yangu iliyolowa, nikasema, "Bibi, sisi kule tulikotoka hatuonji. Tunaaminiana."

Bibi Raheli aliweka kikombe chini, taratibu, kando ya mkeka. "Msemaji aliyepita alisema hivyo hivyo," alisema. Hakuwa na hasira. "Mwanangu, sisi tuliobaki tulipita miaka ambayo mtu akipewa kikombe anaangalia kwanza jicho la aliyempa. Jirani kwa jirani. Kilichoturudisha kuketi pamoja ni funda hilo moja. Aliyeleta akinywa mbele yako, anakuambia: kilichomo humu, kama ni uzima, tutagawana, kama ni kifo, nimetangulia."

Mzee Filipo alikohoa. "Wageni wametoka mbali, wamechoka," alisema. "Pengine wapumzike, maneno haya tuyaweke siku nyingine."

Kila aliyekuwa mle alijua siku nyingine ni siku gani. Niliona mikono ya Ezekieli, ile mikono mizuri, imeshika ukingo wa kiti kama mtu aliye ndani ya gari lisilo na breki. Pazia la chumba cha ndani lilitikisika. Yudita alikuwa nyuma yake.

"Onja," Bibi Raheli aliniambia.

Nikainama, nikachukua kikombe, nikanywa.

Ilikuwa pombe. Ilikuwa pombe kamili, yenye kuchoma ulimi, ndani ya nyumba ya shemasi. Jua lote la Karuzi lilikuwa limo mle.

Nawaambia ukweli: kichwa changu cha biashara kilifanya kazi upesi sana. Hakuna aliyeonja ila mimi. Ningeweza kusema "tamu" kisha nijikwae, nimwage kikombe. Ningeweza kusema dumu la pili ndilo lao. Na ningeweza kusema aliyekamua ni mwingine. Nilipofika hapo, nikasikia sauti ya Leya nyuma yangu. Alikuwa ameona uso wangu.

"Wakwe, ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekamua. Kosa likiwepo, ni la mikono yangu."

Alikuwa amesimama, amekunja mikono kifuani, tayari kubebeshwa. Mtu niliyemkatalia kivuli, nikamkatalia kizibo, alikuwa ananinunulia heshima yangu kwa heshima yake, wala hakuuliza bei. Kitu ndani yangu kilishuka. Magoti yakafuata.

Nimepiga magoti kwa maombi maisha yangu yote. Ilikuwa rahisi, kwa maana Mungu hakuwa ameketi kwenye mkeka ameshika mwavuli wangu. Siku ile nilipiga magoti kwenye udongo, na koti, na tai, mbele ya bibi ambaye nilimfanya mtumishi katika nyumba yake.

"Hapana," nilisema. "Dada alikamua vizuri, akaonja, akanipa. Alinifundisha, nikakataa. Alisema tuweke kivulini, nikakataa. Alisema tulegeze vizibo, nikakataa. Bibi, imechacha. Ni pombe. Msiinywe. Na kile kiti ni chako. Sikuja na heshima. Nimekuja na hotuba. Ninyi msimhukumu mtoto wa Zakaria kwa mdomo wangu. Yeye ameinama tangu tulipoingia. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele yake nikimziba."

Nikasikia mwavuli unawekwa chini. Bibi Raheli aliinuka, akanishika mikono yote miwili karibu na mabega, kama tunavyosalimiana na ndugu aliyepotea.

"Sasa umeonja," alisema. Akageukia watu. "Mmeona? Kama angetupa bila kuonja, sote tungekunywa tusichokinywa, ndani ya nyumba ya maombi. Ubaya umeishia mdomoni mwake. Ndiyo kazi ya aliyeleta." Kisha akanisemesha mimi, kwa sauti ya chini kama ya mwanawe Filipo. "Bwana wetu alipewa kikombe kichungu. Hakutuambia sisi tutangulie. Alikionja yeye kwa ajili ya kila mtu, ndipo sisi akatupa kitamu. Mtu akininyooshea kikombe ambacho hajaonja, huwa najiuliza: huyu amekuwa mkubwa kuliko Bwana?"

"Nilikuwa nimekaribia, Bibi," nilisema.

Alicheka. Ndugu zangu, alicheka mpaka kilemba kikalegea, na nyumba nzima ikacheka naye, na Mzee Filipo akafuta povu kwenye kiatu chake akisema, "Tangu nimeokoka hiki kiatu hakijawahi kunywa!"

Nilitaka kurudi kwenye kiti chochote cha ukutani. Bibi alinionyesha mkeka, kando yake. Nikaketi hapo, na nawaambia sijawahi kuketi mahali pa juu zaidi.

"Yudita!" aliita. "Leta maji."

Pazia likafunguka. Binti alitoka na kibuyu cha maji ya chemchemi, akapiga magoti, akanywa funda, akampa bibi yake. Bibi akanywa, akanipa mimi. Nikanywa, nikampa Ezekieli. Ezekieli alishika kile kibuyu kwa muda mrefu kuliko kiu inavyohitaji. Alimwangalia Yudita, akanywa, na akasema maneno yake ya kwanza tangu tuingie.

"Ni tamu."

"Mmepewa," alisema Bibi Raheli.

Vigelegele vilivyopasuka pale, nina hakika malori ya Kobero yalidhani mpaka umefunguliwa. Leya, mama wa watu wazima, alicheza mpaka kwenye ua akanyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe. Tuliimba, tukasali, tukala: ubugali wa muhogo, maharagwe yenye mawese, ndizi, na mbuzi ambaye kumbe alikuwa amechinjwa asubuhi, kabla hatujafika. Nilipomuuliza Mzee Filipo kwa nini walichinja wakati hawakujua kama watakubali, alisema, "Tulikuwa tunatumaini kwamba mtashuka."

Madumu mawili yalimwagwa shinani mwa migomba nyuma ya nyumba. Katika ukoo wote, ni migomba peke yake iliyolewa siku ile.

Kurudi

Saidi alituona tunashuka mlima tunaimba. "Alors, mzee! Mutobe ilikuwaje?"

"Ilikuwa pombe."

"Mi nilisema! Na mke?"

"Tumepewa."

Aliegemea honi kwa mkono mzima, na safari hii hakukuwa na shimo.

Muyinga nilimwomba Mama Zuhura msamaha kwa neno langu la chai. Alisema hakumbuki neno lolote, akanimiminia nyingine, akanywa funda, akanipa. Nilipokea kwa mikono miwili. Karuzi nilinunua mahindi kwa yule mama bila kutaja upande ulioungua. Njia yote Leya alikuwa ameketi mbele, kando ya dereva, na mimi nyuma na mwavuli. Alipoona natazama tu dirishani, aligeuka.

"Unafikiri nini, msomi?"

"Nafikiri wewe ulisimama kunibeba, dada."

"Wewe ni mdogo wangu," alisema. "Na ulikuwa mzito." Kisha akacheka mpaka Nyarusange.

Harusi mliiona wenyewe, kwa hiyo sitaisimulia. Mlikula, mliimba, wengine wenu mlicheza vibaya. Ila mlikuwa mbali na meza ya wakwe, na hili hamkulisikia. Bibi Raheli alikuja kutoka Kobero na kilemba kipya cha kile kitenge changu cha bei ya kufumba macho. Nilikuwa nimemwekea kiti kikubwa kuliko vyote, na mimi nikakaa chini. Mutobe ulikuwa wa Leya, umelala kivulini, vizibo vimelegezwa. Nikachota kikombe, nikaonja mbele ya macho yake, nikampa kwa mikono miwili, magoti yakiwa yameshaijua njia.

Alikishika, akanitazama kwa lile jicho lake.

"Umeonja, mwanangu?"

"Mara mbili, Bibi," nilisema.

Akanywa chote.